Bunduki ni ya nani, nyama ni ya nani? Juu ya okestra zetu na watu wanaoimba ndani yake

Wasomaji wetu, katika vitabu hivi vidogo tumezoea kuongea juu ya mahari, juu ya kilio, juu ya majina tunayowapa wajukuu na sababu yake. Safari hii tunaomba ruhusa tuongee juu ya okestra. Tunajua mzee mmoja atasema: «Okestra nayo ni desturi? Si ni mambo ya bare na pombe?» Tunamjibu kwa heshima kwamba rumba iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwezi wa kumi na mbili 2021, kwa ombi la Kongo zote mbili, Kinshasa na Brazzaville. Kama ni urithi, basi iko na watoto na wajomba, na iko pia na mashauri, sawa urithi wowote. Shauri moja linatusumbua tangu siku nyingi.

Ni hili. Sisi watu wa kupenda muziki tunaona kijana mmoja anatokea katika okestra, sauti yake inatukamata. Katika video ya kwanza yuko mbele. Katika ya pili yuko pembeni, nyuma ya wachezaji. Katika ya tatu hayuko tena. Tunauliza. Huyu anasema alifukuzwa, yule anasema alitoroka, mwingine anasema alidai kashe yake. Hakuna anayetuelezea, na mwenye okestra akiulizwa kwa radio anacheka tu na kusema mlango uko wazi kwa wote. Hapo tunakasirika. Katika bare moja ya Kamalondo tulisikia watu wanagombana mpaka meza ikaanguka, juu ya mpiga solo aliyeachwa Kinshasa siku wenzake walipanda ndege ya Ulaya. Wale watu hawakuwahi kumpa yule kijana hata mkono. Lakini hawakuwa wanasema «walimtendea vibaya». Walikuwa wanasema «walitutendea vibaya».

Tulirudi nyumbani na lile neno. Mtu aliyenunua chupa mbili akakaa kusikiliza, anaweza kusema ametendewa vibaya wakati aliyenyimwa ni mwingine? Ni upendo ule, ao ni kelele ya mtu asiye na kazi kesho yake?

Pengine tungeacha swali pale pale, lakini kuna mtu mmoja wa avenyu yetu. Jina tunaliacha. Alipokuwa na miaka 20 hivi, okestra moja ilipita hapa Lubumbashi kwa konseri, wakasikia sauti yake, wakamchukua. Siku ya kusafiri avenyu yote ilitoka. Mama yake alitandika kitenge chini apite juu yake sawa bwana harusi. Alikaa kule miaka nane. Kuna wimbo mmoja ambao mpaka leo wanaupiga katika harusi zetu, na ile sauti ya juu, ile inayoinua wamama kwenye viti, ni yake. Alirudi na valizi moja. Hakuwa na feza, hakuwa na nyumba, hakuwa hata na karatasi moja inayosema kwamba ile sauti ni yake. Kule hakuwa na mshahara. Alipewa «kitu cha basi». Nguo za jukwaani zilikuwa za okestra, na baada ya konseri zilihesabiwa na kufungiwa. Walikuwa wanalala watu sita katika chumba kimoja. Siku aliuliza haki yake mbele ya wenzake, aliambiwa asifike tena kwenye mazoezi. Ni vile tu, bila barua.

Mwaka uliopita tulikutana naye kwa harusi moja. Wakapiga ule wimbo. Watu wakasimama, wakaanza kuita jina la prezida wa okestra na kupiga mikono. Yeye alikaa kimya na chupa yake ya Simba. Mmoja wetu akamsogelea akamwambia: «Yaya, siye wote tunakupendaka sana.» Akajibu polepole, bila hasira: «Munanipendaka mimi, ao munapendaka okestra? Juu feza yenu mulipatia yeye.»

Hatukuwa na jibu. Tulimaliza pombe yetu tukaenda. Kurasa hizi ni jibu tunaloendelea kulitafuta.

Kwanza tukumbuke okestra zilitoka wapi. Katika Léopoldville ya miaka ya 1950, watu wengi wa muziki hawakuwa na chombo chao. Magita, mikrofoni, mashini ya kukamata sauti, vyote vilikuwa vya wafanyabiashara. Mgiriki Jéronimidis alikuwa na nyumba ya Ngoma, Mgiriki mwingine Papadimitriou alikuwa na Loningisa. Ni Loningisa alipoingia François Luambo Makiadi, ambaye tunamwita Franco, katika 1953, mtoto wa miaka 15. Sahani ilikuwa ya nyumba, na mwenye kuimba alipata chake kidogo akaenda zake. Wakati OK Jazz ilizaliwa katika mwezi wa sita 1956, ilibeba jina la bare ambamo walikuwa wanapiga, OK Bar, na zile herufi mbili ni za mwenye bare, Oscar Kashama. Tufikiri kidogo: okestra ambayo wengi wanaiita kubwa kuliko zote za inchi yetu ilizaliwa na jina la mwenye meza na viti.

Hata aliyepiga peke yake hakuponyoka. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimkamata sauti hapa kwetu Katanga katika 1952, hakuwa na prezida juu yake. Alikuwa na gita na vidole. Lakini sahani zilitoka kwa kampuni ya Gallo, Afrika ya Kusini, na wimbo wake Masanga ulitembea dunia kabla yeye mwenyewe hajatoka.

Kisha uhuru ulifika. Waliofikiri kwamba Mgiriki akienda mashauri yataisha, walidanganyika. Katika 1963 Docteur Nico na Rochereau na wenzao walimwacha Kabasele, Grand Kallé, baba wa African Jazz, yule aliyepeleka muziki Bruxelles wakati wa Meza ya Mviringo katika 1960. Maneno ya feza yalikuwa ndani ya ule ugomvi. Wakaanzisha African Fiesta, na miaka mitatu haikupita vizuri Nico na Rochereau nao wakatengana, kila mmoja na Fiesta yake. Katika 1969 Verckys, mpulizaji wa saksofoni, alitoka kwa Franco akaunda Vévé yake. Mwaka ule ule Zaïko Langa Langa ilizaliwa, okestra ya vijana, na katika 1974 Papa Wemba, Evoloko na wengine walitoka kuanzisha Isifi. Tungeweza kuendelea mpaka mwisho wa kitabu. Kila anayetoka anatoka na lalamiko, kisha anakuwa mwenye okestra, na siku moja vijana wake nao wanafunga valizi.

Lakini hadithi inayotufundisha zaidi ni ya mwisho wa OK Jazz. Franco alikufa Ubelgiji tarehe 12 mwezi wa kumi 1989. Aliacha okestra ya watu zaidi ya 30, na Simaro Lutumba, aliyeingia tangu 1961, akawa mbele yao. Waliendelea kupiga, na familia ya marehemu ilikuwa na sehemu yake katika feza iliyoingia. Juu ya ile sehemu hawakusikilizana. Mwisho wa 1993 wanamuziki walichukua magita, ngoma, mabafle, wakavirudisha kwa familia. Walibaki na nini? Mikono na koo. Mwaka uliofuata, 1994, walianza upya na jina la Bana OK, ni kusema watoto wa OK.

Tuliposoma habari ile tulinyamaza. Maana pale shauri lilitolewa nje sawa mbele ya baraza. Upande mmoja vyombo na jina, upande wa pili watu. Okestra iko wapi? Kama iko katika vyombo, basi ilibaki kwa familia, ndani ya nyumba, kimya, ikikamatwa na vumbi. Kama iko katika watu, basi ilienda na Simaro. Lakini wale watu wenyewe hawakuthubutu kuiacha ile O na ile K! Waliondoka na zile herufi mbili za Oscar Kashama, sawa watoto wanaoondoka na jina la babu hata kama shamba wamenyang'anywa.

Hapa ndipo tulienda kumuuliza mzee mmoja wa chama chetu, mtu wa mashariki ya Likasi, ambaye katika utoto wake aliwinda na baba yake kando ya Lufira. Tulimuuliza: «Baba, zamani mtu akiazima bunduki ya mwenzake akaua nyama, ile nyama ni ya nani?» Alitucheka kwanza. Akasema swali letu ni la watu wa masomo. Kwao hakuna aliyeuliza nyama ni ya nani. Waliuliza sehemu gani ni ya nani. Mwenye bunduki ya baruti alikuwa na paja lake, lilijulikana. Aliyelenga alikuwa na yake. Mwenye mbwa, yake. Aliyebeba mabegani mpaka kijijini, yake, hata kama alikuwa mtoto. Mfalme alikuwa na kipande chake, na ole wa mtu kukisahau. Akaongeza neno moja ambalo tuliliandika palepale: «Na nyama ilikuwa inakatwa inje. Hakuna mutu alikuwa anakatia nyama mu nyumba. Mwenye kukatia mu nyumba tulikuwa tunamwita muchawi.»

Tunataka kusimama juu ya neno hili, kwa sababu tunafikiri watu wengi wanaogombana juu ya okestra wanagombana juu ya kitu ambacho si chenyewe. Mmoja anasema: bila mwenye vyombo hakuna muziki. Ni kweli; bila bunduki watu walikula majani. Wa pili anasema: gita bila vidole ni mbao. Ni kweli pia. Watakesha pale mpaka asubuhi, maana kila mmoja ameshika ukweli wake mkononi. Wazee hawakutafuta nani ana haki kuliko mwenzake. Walitoa nyama nje. Kama paja la mwenye bunduki ni kubwa, watu wote wanaliona kwamba ni kubwa, na mwenye bunduki mwenyewe anaona kwamba wanaliona. Ile haya ndogo ya kuonwa ilifanya kazi ambayo sheria nyingi haziwezi.

Yule kijana wa avenyu yetu hakutuambia kwamba prezida wake alichukua sehemu kubwa. Alituambia: «Sikujuaka hata siku moja ni ngapi iliingia.» Miaka nane katika okestra, hajui konseri moja inaingiza ngapi. Hajui mtayarishaji wa Ulaya alitoa avansi gani. Hajui kama jina lake liliandikwa kwenye karatasi za haki za watunzi ao hapana. Kumbe nyama ilikuwa inakatiwa ndani ya nyumba.

Hapa msomaji mwenye akili atatupinga. Atasema mfano wetu una kilema: nyama inaliwa inaisha, lakini wimbo hauishi. Kweli kabisa, na ni hapo deni linakuwa zito. Wimbo unakatwa kila siku, miaka 40 baada ya mwindaji kuzikwa bado kuna mtu anakula. Ndiyo sababu serikali ya Zaïre iliweka sheria ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986 juu ya haki za watunzi na za wale wanaoimba na kupiga. Kulikuwa SONECA ya kukusanya, na tangu 2011 kuna SOCODA. Sheria iko. Lakini tuangalie wimbo unavyozaliwa. Mmoja anakuja na maneno mawili, mpiga gita anatafuta njia, atalaku anatupa kelele yake, na jioni moja ya mazoezi kitu kinasimama. Halafu kwenye kava ya CD, tunga ya nani? Mara nyingi sana jina moja, na tunalijua kabla ya kusoma. Bunduki inaandikwa kwamba ndiyo iliyolenga.

Hata hivyo tusimwonee mwenye okestra. Sisi wenyewe tunaishi katika mji ambamo mkubwa anabeba kila kitu. Mpiga ngoma akiuguza mtoto, anapiga mlango wa nani? Baba ya mwimbaji akifa, sanduku linanunuliwa na nani? Mashini ya umeme ikikufa saa mbili ya usiku na watu wameisha kulipa mlango, nani anatafuta nyingine? Mkubwa ni jalala, ndivyo wanavyosema Waswahili, na prezida wa okestra ni jalala kweli. Franco aliongoza watu wengi, alikuwa na bare yake ya 1-2-3 pale Kinshasa, na kwa miaka zaidi ya 30 jina lake lililisha nyumba nyingi. Mtu wa namna ile anaanza kuona kwamba wale si wafanyakazi wake, ni watoto wake. Na baba hamwonyeshi mtoto hesabu. Tunafikiri kwamba mizizi ya ubaya iko pale, ndani ya wema wenyewe. Anapokupa kama zawadi kile ambacho ni haki yako, unabaki na deni la kumshukuru, na mwenye deni hawezi kuuliza hesabu. Mshahara unamfanya mtu asimame. Zawadi, kama ni yenyewe tu, inamfanya apige magoti.

Na jambo moja halina mfano katika uwindaji wowote. Mwenye bunduki hakuwa na ruhusa ya kumpiga mwindaji. Katika mwezi wa saba 2016 Koffi Olomide alifika Nairobi, na video ya uwanja wa ndege ilimwonyesha akirusha teke kwa mwanamke mmoja wa kundi lake. Yeye alikana kwamba alimpiga mtu. Kenya ilimrudisha Kinshasa, na konseri ikakufa. Katika mwezi wa kumi na mbili 2021 korti ya rufaa ya Versailles, Ufaransa, ilimhukumu miezi 18 ya kifungo kilichosimamishwa, ni kusema bila kuingia gerezani, kwa sababu ya kuwazuia wanawake wane waliokuwa wachezaji wake katika nyumba karibu na Paris, miaka ya 2000. Juu ya mashitaka ya ngono korti ilimwachilia. Ilikuwa wiki ile ile rumba yetu iliingia katika urithi wa dunia. Tulikuwa tunapongezana kwa simu, tukiona habari hizi mbili moja chini ya nyingine, na tunakiri kwamba wengi wetu tuliipitisha ya kwanza kwa marafiki na hatukuipitisha ya pili.

Sasa tumefika kwetu, na hapa hatuna raha.

Tulisema tunakasirika. Lakini hasira yetu inafanya nini? Tukumbuke mwezi wa kumi na mbili 1997, wakati Wenge Musica ilipasuka, JB Mpiana upande huu, Werrason na wenzake upande wa Maison Mère. Hapa Lubumbashi kulikuwa na ndugu wa tumbo moja ambao hawakukula pamoja. Tuliuliza nani ni mkubwa, nani anavaa, nani anajaza uwanja. Hakuna aliyeuliza mpiga ngoma analala wapi. Tulifanya ugomvi wao kuwa mchezo wetu, na kila upande ulitoa feza zaidi kusudi uonekane. Karibu miaka 25 ilipita, na tarehe 30 mwezi wa sita 2022 waliungana tena kwa konseri katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa. Wengi tulilia mbele ya televizyo. Machozi ya kweli. Lakini hata siku ile macho yetu yalikuwa juu ya wakubwa tu, nani anaingia kwanza, nani anashika mikro kwa muda mrefu.

Tena kuna libanga. Tajiri anatoa feza jina lake litajwe katika wimbo, na sisi wadogo tunafurahi kusikia jina la mtu wa kwetu. Ile feza inaenda mkononi mwa nani? Wa kutaja jina ni mwimbaji ao atalaku. Wa kupokea ni mwingine. Na kaseti za zamani, CD za soko, na leo nyimbo zinazopita kutoka simu moja kwenda nyingine bure: tumesikia sauti ya yule kijana mara elfu na hatukutoa hata makuta moja. Tunaweza kusema ni umaskini, na si uongo. Lakini basi tusiseme «walitutendea». Tuliokula ile nyama iliyokatiwa ndani ya nyumba ni sisi pia. Hatukushika kisu, lakini tulipitisha sahani dirishani.

Je, tunatupa basi neno la wale watu wa Kamalondo? Hatulitupi. Tulilifikiri sana, na tunaona kwamba lina haki moja ndani yake. Okestra si kiwanda cha sabuni. Mtu anayeimba anatumia kilio chetu, maneno ya mama zetu, mwendo wa ngoma tulizozaliwa ndani yake, na sisi tunamrudishia kwa kucheza. Bila watu wa kusimama, wimbo ni mazoezi tu. Kwa hiyo sisi nasi tuko ndani ya uwindaji, pengine ni sisi wa kuingiza nyama kwenye wavu kwa kelele. Sehemu yetu tunaipata: ni furaha. Anayewinda anapoumizwa, furaha ile inaingia uchungu, na tuna haki ya kusema. Lakini mwenye haki ya kusema anaanza pale ambapo mkono wake unafika.

Mkono wetu ulifika wapi? Tunasimulia hili kwa haya. Siku ya feti ya chama chetu, miaka miwili iliyopita, tuliita okestra moja ya hapa mjini. Vijana wazuri, walipiga kutoka saa kumi na mbili ya jioni mpaka usiku wa manane. Kashe tuliiweka katika bahasha, na mweka feza wetu alimpa mkubwa wao nyuma ya ukuta, mkono kwa mkono, kama watu wanaouziana kitu cha wizi. Hatukuona ubaya wowote. Ndivyo inavyofanywa. Tulipokuwa tunarudi na gari, taa ilipiga watu wanne wanaotembea kandokando ya barabara ya Katuba, viatu mkononi. Walikuwa wale wasichana wawili waliocheza, mpiga ngoma, na kijana wa kuimba sauti ya pili. Tukasimama. Tukawauliza juu ya nini hawakupanda taxi. Walitazamana. Mmoja wa wasichana akasema: «Atatupatia kesho, alisema.» Tuliwapandisha, tukafungana sawa dagaa. Ndani ya gari hakuna aliyeongea, na katika valizi ya gari kulikuwa pombe iliyobaki.

Kumbe sisi wenye kuandika juu ya desturi, sisi wenye kukasirika juu ya wakubwa wa Kinshasa, tulikuwa tumekatia nyama ndani ya nyumba, hapa hapa, kwa mkono wetu.

Mwaka huu tulimwita tena yule mkubwa wa okestra, kabla ya kupatana bei. Tulimwambia: safari hii feza tutaihesabu juu ya meza, mbele ya vijana wako wote, na wewe utataja sehemu yako kwanza, hata kama ni nusu, hatutakuhukumu. Alikasirika sana. Alituambia: «Baba zangu, munataka kunivua nguo mbele ya watoto yangu.» Si mtu mbaya. Alituhesabia magita matatu aliyoyanunua, mikrofoni, bafle iliyoungua mwaka uliopita ambayo anailipa mpaka leo, na mpiga ngoma aliyemlipia hospitali wiki mbili. Tulisikiliza yote. Mzee wa Lufira, aliyekuwa amekaa na kofia juu ya magoti, ndiye aliyemjibu: «Mwanangu, haya yote uliyotuambia siye, uliisha kuyaambia bale batoto?» Alinyamaza kidogo, akasema hapana.

Katika chama chetu penyewe hatujasikilizana. Wengine wanasema tunaingia katika nyumba ya mtu, na kwamba tukimkosesha heshima vijana watatawanyika na okestra itakufa, na tutakuwa tumewanyima hata kile kitu cha basi. Hoja hii si ndogo. Tumeona okestra ngapi zikifa namna ile. Wengine wanasema tutafute okestra nyingine inayokubali. Yule kijana wa avenyu yetu, tulipomwomba aje siku ile aimbe wimbo wake, aliuliza tu kama naye atahesabiwa juu ya meza. Tukamwambia ndiyo.

Feti iko mwezi wa nane. Mwenye okestra alisema atafikiri, na mpaka tunapoandika hajatupigia.